Kihariri Kipya Hakihitaji Msomaji

Alhamisi. Mvua inanyesha tangu alfajiri, Kirumba nzima inanuka dagaa waliolowa, na mimi sina hamu ya kitu chochote.

Shajara, leo nimesalimu amri. Nimehamia kihariri kipya, ile programu ya kuandikia msimbo wa kompyuta ambayo Kulwa amekuwa akiipigia debe mwezi mzima. Kinamalizia mstari kabla hujaufikiria. Ukikosea, kinapiga alama nyekundu hata hujainua kidole. Kama kinafaa au hakifai, hilo nimeshalijibu.

Kinafaa kuliko mimi.

Mimi na Kulwa tuna ofisi ya chumba kimoja, tunatengeneza mifumo ya kompyuta ya wafanyabiashara wa soko la samaki la Mwaloni. Tangu tuanze, yeye ndiye anayeandika zaidi, mimi nasoma. Hatukabidhi kazi kabla sijaisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, yeye kafumba macho anasikiliza. Mimi ni msomaji wa masomo kanisani, na Kulwa husema makosa yake hayaoni mpaka ayasikie kwa sauti yangu. Wateja hutucheka. Mmoja aliwahi kuuliza kama tunaiombea kompyuta.

Jana tulikuwa na mfumo wa oda wa Mama Pendo, anayeuza dagaa kwa jumla. Nikavuta kiti, nikasafisha koo. Kulwa akanitazama kwa huruma.

"Dada, hiyo nimeshaituma. Kihariri kimekagua chenyewe. We pumzika tu."

Nikasema sawa, nikarudisha kiti.

Leo asubuhi nimekaa nikisubiri simu ya Mama Pendo. Niseme ukweli, maana hapa sina wa kumdanganya: niliomba mfumo uharibike. Nilimwombea mabaya Kulwa, mtu aliyelala sakafuni wodini akimuuguza mama yangu wakati mimi mwenyewe sijiwezi kwa homa. Niliomba oda zipotee, mama wa watu achanganyikiwe, ili nivute kiti tena. Nimejiogopa.

Simu ikaja. Kulwa akaipokea, akaiweka sauti ya juu tusikie wote.

"Shikamoo Mama," tukasema wote.

"Marahaba wanangu! Mashine yenu haijanisumbua hata kidogo. Mbarikiwe sana."

Nikapiga makofi. Kulwa naye akashangilia, akasema sasa kila mmoja wetu ataweza kuchukua kazi zake peke yake, wateja wataongezeka. Sina cha kumlaumu, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Ningempata wa kumnunia walau ningepumua. Waswahili walisema mwenye nguvu mpishe, lakini hawakusema ukishampisha uende wapi.

Mchana nikakiweka kihariri kwenye kompyuta yangu, kwa hasira, kama mtu anayemeza dawa chungu. Nikaandika kipande cha kazi ya mteja mwingine, wa Misungwi. Kihariri hakikunipinga popote, na kipande kilikwisha upesi mno. Nikabaki nakitazama, sijui nifanye nini na mchana uliobaki. Mazoea yana taabu: nikajikuta nimeanza kukisoma kwa sauti, polepole, nikipumua kwenye kila mkato.

Nilikuwa karibu kumaliza Kulwa aliponigeukia. Akachomoa spika moja ya sikioni.

"Dada, unaongea na simu?"

Nikamwambia ndiyo.

Kesho nitasoma kimoyomoyo.