Sauti Niliyoifuta

Mpendwa baba,

Shikamoo. Ungekuwepo ningekugusa bega kwanza ndipo nikuamkie, maana ulikuwa husikii. Miaka yako ya kulisha karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu kijijini kwetu Geita, ilikumaliza masikio mapema.

Unakumbuka asubuhi tuliyokwenda lamboni? Mvua ilikuwa imekatika, ng'ombe hawajafika kunywa. Mimi nimeshika kinasa sauti, wewe unanionyesha penye vyura kwa kumbukumbu tu za ujana wako. Tuliporudi nikazichanganya sauti zao na milio mirefu ya sintesaiza, kinanda changu cha umeme ulichokiita "mashine ya Kabula". Ukaweka kiganja juu ya spika, ukafumba macho.

"Na karasha je?" ukauliza. "Umeliweka?"

Nikakuandikia kwenye daftari: Linaharibu muziki.

Uliisoma sentensi ile kwa muda mrefu. "Ndilo lililokusomesha," ukasema, ukaenda kufungulia mbuzi.

Sikukuomba radhi. Nikaendelea vilevile: kila nikirekodi, naifuta ile ngurumo kipande kwa kipande, nikiwapelekea watu wa mbali, kupitia mtandao, kijiji kisicho na mashine wala vumbi. Wakaniandikia kwamba wanausikiliza muziki wangu wakitafuta usingizi, kwamba kwetu kumetulia mno. Nilifurahi, baba. Jina langu limesimama juu ya uongo huo.

Mwaka huu, wa pili tangu tukuzike, nilirudi lamboni. Maji yamekuwa rangi ya saruji kwa matope ya wachenjuaji, wale wanaoosha mawe yaliyosagwa kutoa dhahabu. Nilikaa tangu alfajiri hadi jua likanichoma shingo, sikusikia chura hata mmoja. Karasha tu. Nikalirekodi lote, nikalipigia sintesaiza kwa chini, sikufuta kitu. Hata pale ninapopenga kamasi kwa kulia, pamo.

Muziki huo nimeutoa mwezi uliopita. Wengi wameniacha. Mmoja kaandika, "Turudishie vyura." Ningewarudishia, laiti ningejua walikokwenda. Siku hizi nakaa mbele ya kinanda, mikono mapajani, nisijue kama hatimaye nimekutendea haki au nimeyafanya masikio yako kuwa pambo la kazi yangu.

Jumamosi nitaupiga ukumbini hapa Shinyanga mjini. Nilimpigia mama simu kumwambia.

"Mlio ule nimeuchukia miaka yote, Kabula," akasema. "Umenifanya nimpigie kelele mume wangu kama ninayemgombeza, hata nikimwambia neno jema."

"Basi usije, mama."

"Nitakuja. Ila niwekee kiti karibu na mlango."

Nimekiweka, baba. Kwa leo nakuaga hapa.

Binti yako,
Kabula