Mteja wa Kutoka Eldoret

Ekero, 3 Februari 2025

Kwa mwanangu Farouk,

Assalaam aleikum warahmatullah. Natumai joto la Doha limekuhurumia na mgongo umepoa. Sisi huku ni wazima, isipokuwa goti langu, na hilo umelizoea. Ulisema mkiwa kazini hamruhusiwi kusikiliza ujumbe wa sauti, ndiyo maana naandika, kwa kidole kimoja. Ukiona herufi imeruka, jaza mwenyewe.

Jana nilienda ile yadi ya magari Kakamega kama ulivyonituma. Wallahi Farouk, nilihesabu zile pesa mara mbili kabla ya kutoka. Jasho lako la miaka minne liko kwa mkono wangu, na mimi sijawahi kununua hata baiskeli. Nilikuwa najiambia, nikikosea hapa, mtoto anabaki huko kulinda milango ya watu, na mimi nabaki kumwona kwa kioo cha simu.

Kijana wa kuuza anaitwa Isaiah. Ana tai, ana viatu vya kung'aa, na alianza kuniita Mama kabla sijamwambia kama nimezaa. Akanionyesha gari nyeupe, imepigwa polishi mpaka nikajiona ndani nikatengeneza shela. Anasema ilikuwa ya mwalimu wa kike, ilikuwa inaendanga kanisani tu na kurudi. Nikamuuliza, "Na shuleni huyo mwalimu alikuwa anaenda na nini?" Akacheka, "Mama, wewe ni moto!"

Nilikuwa nimeipenda kabisa. Hapo ndipo akaninong'oneza: "Mama, harakisha. Kuna mteja anatoka Eldoret saa hii kuja kuichukua."

Nikasema alhamdulillahi, nimeponea chupuchupu! Kidogo tu ningemnyang'anya mtu gari yake. Nikamshukuru Isaiah kwa kunionya, nikarudi nyumbani. Nilimwacha amesimama mdomo wazi, maskini. Labda ni jua.

Usiwe na wasiwasi, tutapata ingine.

Mama yako


Doha, 4 Februari

Mama,

Waaleikum salaam, na shikamoo. Goti ulipake ile dawa, usiwape majirani yote.

Mama, hakuna mteja wa Eldoret! Hayuko. Hajazaliwa. Ni mbinu ya watu wa yadi, wanakutia haraka ili usikague gari. Rudi huko, na uende na Mustafa fundi wa Shieywe, aangalie chini ya boneti. Ukiambiwa kuna mteja mwingine, wewe cheka tu.

Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi. Nikiwa na gari nzuri ya kubeba watu wa soko na mizigo yao, narudi nyumbani kabisa. Ikiwa mbovu, itabidi nitie sahihi miaka mingine miwili. Tafadhali Mama.

Mwanao, Farouk


Ekero, 9 Februari

Mwanangu,

Salamu nyingi, na dawa niligawa kidogo tu.

Uliniambia nicheke, nimeshindwa. Je, nikicheka na kumbe mtu yuko njiani kweli, amevaa nguo nzuri, amewaaga watoto? Wewe unajua vile tunanunua ng'ombe pale Lubao. Mwenzako akishika kamba, unanyamaza, unangoja mpaka aiachie. Hata madrasa mlifundishwa hivyo. Isaiah akidanganya, hiyo ni yake na Mungu. Mimi nikinunua na nimeshasikia ina mwenyewe, hiyo ni yangu.

Nilienda na Mustafa. Isaiah akatuonyesha gari ya kijivu: kuna mteja wa Bungoma. Nyeusi: kuna mteja wa Busia, tena ameshauza shamba la miwa. Kila moja niliiaga nikaenda kwa ingine. Nikamwambia Mustafa, watu wa magharibi wana pesa siku hizi! Mustafa alikuwa amegeukia ukuta anakohoa.

Mwishowe Isaiah akasema, "Basi Mama, chukua ile nyeupe, na huyo wa Eldoret nitaongea naye." Nikakataa. Nitaongea naye mwenyewe. Akiiachia kwa mdomo wake, naichukua. Nimemwambia Isaiah amlete Jumatano, nitakuja na chakula kwa sababu anatoka mbali.

Mama yako


Doha, 9 Februari

Mama,

Unampikia mtu ambaye hayuko. Nimewasomea walinzi wenzangu, na mmoja wa kutoka Lugari amecheka mpaka ameulizwa na msimamizi kama ni mgonjwa.

Usiinunue hiyo nyeupe. Nakuomba.

Mwanao


Ekero, 12 Februari

Farouk,

Yuko! Nimemwona na macho yangu. Anaitwa Kipkemboi, mtu mrefu, mpole. Alikuwa na gamubuti zimejaa povu la sabuni mpaka magotini. Nikadhani labda Eldoret kumenyesha.

Nilifungua kikapu nikampa ingokho na obusuma, kuku wetu na ugali. Alikula vizuri sana. Nikamuuliza habari za mke, za watoto, za mahindi, akajibu zote kwa adabu. Nikanawa mikono nikamwambia, "Sasa baba, hii gari nyeupe, unaichukua ama unaniachia?"

Akamwangalia Isaiah. Isaiah akamkonyeza. Kipkemboi kidogo ameze mfupa.

"Na... naichukua, Mama. Saa hii."

Isaiah akashika kichwa, mimi nikasimama nikampigia vigelegele! Nikamwombea dua ya safari. Watu wa gereji ya jirani wakaja kumpa mkono, na mama wa ndizi akaanza wimbo. Kelele ikamtoa tajiri mwenyewe ofisini. "Nani amenunua?" Tukamwonyesha. Akamwangalia Kipkemboi juu mpaka chini, akasema, "Wewe! Magari ya leo umeosha saa ngapi?"

Nikaona nisiulize. Mtu ameshakula kuku wangu.

Nikamgeukia Isaiah. "Mwanangu, nieleze ukweli. Hapa kwenu kuna gari hata moja ambayo haina mwenyewe?"

Akakaa juu ya tairi, akalegeza tai. "Iko moja, Mama. Ile ya buluu kule nyuma. Hiyo hakuna mtu ameiuliza tangu ije."

Nikamwambia anisomee shida zake. Alikuwa amechoka, hakuwa na nguvu ya uongo tena. Dirisha la nyuma halishuki. Redio inaongea Kijapani. Iligongwa ubavuni ikanyooshwa. Imetembea kilomita nyingi, na hawakuzirudisha nyuma kama za zile zingine, kwa sababu hakuna aliyejisumbua nayo. Lakini injini, akasema, injini ni ile ile iliyokuja nayo.

Mustafa, maana nilikuja naye tena, akalala chini ya gari, akaiendesha mpaka Lubao na kurudi. Akasema kila kitu Isaiah ametaja ndivyo kilivyo, na injini ni nzima. Ile nyeupe aliiinulia zulia akakuta matope. Ilikuwa imezama mtoni.

Nimenunua ya buluu. Usikasirikie rangi. Iko hapa uani, na kuku wamehamia chini yake.

Mama yako


Doha, 19 Februari

Mama,

Assalaam aleikum. Mustafa amenitumia video. Nilisikiliza hiyo injini nikiwa chooni, nikajikuta nalia. Nilikucheka, na umenishinda. Nisamehe.

Sasa kuna jambo limenikwamisha. Msimamizi ameniita leo. Anataka nitie sahihi kabla ya kesho jioni. Anasema nisichelewe, kuna watu mia wako foleni wanaitaka kazi hii hii, na nikiiachia sitaipata tena. Mama, naogopa. Je, gari ikiharibika? Je, nikijuta? Gari anaweza kuiendesha Mustafa kwa muda. Kalamu ninayo mkononi. Niambie nifanye nini.

Mwanao, Farouk


Ekero, 19 Februari

Mwanangu Farouk,

Waaleikum salaam. Goti ni zima leo. Sitaandika mengi, kuku bado hawajafungiwa.

Kama kuna watu mia wanaingoja hiyo kazi, basi ina wenyewe. Achia kamba. Utamnyang'anyaje mtu kitu ambacho ametoka kwao kukifuata? Warudishie hiyo kalamu, waombee dua, uje.

Na kama hao watu mia hawako, kama ni mbinu tu ya kukutia haraka, basi wewe cheka. Si ni wewe ulinifundisha?

Ramadhani imekaribia. Redio bado inaongea Kijapani, tumeanza kuizoea. Kila mtu wa hapa Ekero anataka kukaa kwa kiti cha dereva, na mimi nawakataza wote. Nawaambia hicho kiti kina mteja, yuko njiani kutoka Doha.

Usinifanye mwongo.

Mama yako