Watoto wa Landlord Hawatembei

Baba,

Ulikufa kabla sijakwambia hili, na nimechoka kukustahi. Nitalisema leo.

Unakumbuka ploti yetu ya Uthiru jioni, watoto wa wapangaji wakicheza uani na kupiga kelele? Mimi na kaka yangu Kamau tulikuwa juu kwenye balkoni, chapati mkononi, tukiwatazama. Nilikuomba nishuke nikacheze. Ukasema, "Wewe ni mtoto wa landlord. Ukimbizane na nani huko chini?"

Najua ulikotoka. Ulitembea peku utotoni mpaka nyayo zikapasuka, ukaapa watoto wako hawatatembea. Uliponunua pikapu, hata maziwa ya duka la jirani yakawa yanafuatwa kwa gari. Jumapili baada ya kanisa shangazi walitufinya mashavu: "Hawa wanakula poa kabisa!" Nawe ukicheka kwa fahari. Hakuna aliyeuliza mbona Kamau anahema akipanda ngazi.

Sasa nina Ciru, mjukuu usiyemjua. Siku ya michezo shuleni wenzake walikimbia. Yeye alipewa kazi ya kuwashikia jaketi. Daktari ameniambia wazi kwamba uzito umezidi na presha imeanza kupanda. Presha, Baba, kwa mtoto wa gredi ya nne! Nikamwambia Mama, akanijibu, "Wacha mtoto akule. Hiyo ni afya." Nilitaka kupasuka kwa hasira.

Jumatatu niliacha gari nyumbani. Tulipofika getini Ciru akagoma. "Mum, tukitembea watu watasema tumesota, hatuna pesa."

Hajawahi kukuona, na maneno ni yako! Ameyapata wapi kama si kwangu, ninayempakia garini kila asubuhi kwenda shule ambayo paa lake tunaliona kutoka dirishani?

Nilimshika mkono tukaenda, yeye amenuna. Kwenye mwinuko wa kanisa pumzi zikaniishia mimi. Nikasimama nimeshikilia ua wa watu. Ciru akanitazama kwa woga. "Pumzika, Mum. Nitakungoja," akasema, akachukua mkoba wangu.

Nina hasira nawe, Baba, na bado nakupenda. Ulitunyima miguu yetu ukidhani unatupa heshima, na sasa mtoto wangu ndiye anayelipia. Kesho tunatoka tena. Ciru amesema tuamke mapema, kwa sababu mimi ndiye ninayemchelewesha.

Pumzika, mzee wangu. Sisi tunatembea.

Binti yako,
Mama Ciru