Mtu Anayejiita Jogoo

Jumatatu, 3 Machi

Daftari langu, hujambo? Umeshindaje? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila moyo hautulii. Leo tena nimeliwa na yule Jogoo kwenye poka, ule mchezo wa karata wa simu. Ni pointi tu, hakuna pesa — lakini nani kanisani atanielewa? Jumapili wanachagua kiongozi wa kina mama, na wa kupendekeza jina langu ni mama mkwe. Tunaishi nyumba moja, na kwake karata ni vitabu vya shetani!

Wifi, aliyenifundisha mchezo, kacheka mpaka machozi alipoona nilichoandika kwenye kisanduku cha kumbukumbu kando ya jina la Jogoo, ambacho nakiona mimi tu: "Mshenzi huyu." Akaniambia: Wifi yangu, hayo ni matusi, hayakusaidii kitu. Andika alichofanya, na karata gani alikuwa nazo zilipofunuliwa.

Jumanne, 4 Machi

Nimeandika: "Akiwa na karata nzuri, husubiri. Akiwa na mbovu, huongeza dau papo hapo." Nikamvizia. Kaongeza papo hapo, nikamfuata, karata zikafunuliwa — hana kitu! Haleluya! (Mungu anisamehe kwa kumtaja hapo.) Jogoo akaandika: "Mambo ya Mungu mengi."

Nikasimamisha cherehani. Maneno hayo nayasikia kila siku sebuleni, kinywani mwa mama mkwe.

Jumatano, 5 Machi

Labda ni wasiwasi tu. Maneno ni ya watu wote. Lakini Jogoo hachezi saa za ibada. Jogoo hutoweka maji ya kuoga ya hapa nyumbani yakiwa tayari. Na mama mkwe hujifungia chumbani, eti anasoma Neno kwenye simu. Neno gani hilo la kumfanya mtu apige paja?

Alhamisi, 6 Machi

Nimemjaribu. Zamu ya Jogoo ilipofika, nikaita: Mama, njoo nikupime gauni! Jogoo kimya. Kimya... muda ukamwishia, akahesabiwa amejitoa. Mama akaingia anahema, miwani puani. Wee mtoto, gauni lina miguu? Lingekimbia?

Nilicheka peke yangu. Mara kicheko kikakatika. Mimi mchezoni nimejiita Sindano. Fundi nguo mzima — Sindano! Kama mimi naandika habari zake, yeye kaandika nini juu yangu?

Jumamosi, 8 Machi

Nimempelekea Mama chai kabla hajaomba, na mto wa kuegemea. Akanitazama juu ya miwani. Mwanangu, wewe ukiwa huna kitu mkononi ndipo unakuwa mkarimu.

Daftari, ndivyo nilivyo mezani! Nikishika karata mbovu huwaandikia watu maneno matamu.

Nikauliza, mkononi wapi, Mama? Akasema niache ninywe chai, itapoa. Na kesho vaa lile gauni la bluu, watu watakutazama. Watanitazama kwa lipi — kwa kuchaguliwa, au kwa kuumbuliwa? Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Simu imelia sasa hivi. Jogoo anaomba meza ya watu wawili tu. Chini ameandika: "Sindano, nakungoja. Tafadhali nijibu mapema, kesho tuna ibada."