Mpira Uliorudi kwa Mita Nane

Jumapili, alasiri. Theluji inayeyuka huku mvua ikiinyeshea. Nimekasirika tangu saa nne asubuhi.

Kesho jioni nina mtihani wa fizikia katika darasa la watu wazima. Nisipopata sitini kwa mia, chuo hakitanipokea kwenye kozi ya kupiga picha za eksirei mwaka huu, na nitaendelea kupanga mikate kiwandani. Nina miaka arobaini na tisa. Mwaka kwangu si kitu kidogo.

Kinachonishinda ni msukumo. Maelezo yake ni mafupi: nguvu mara muda inaofanya kazi. Au, tungamo mara badiliko la kasi.

Swali la saba: mpira wa gramu mia na hamsini unagonga ukuta kwa mita kumi na mbili kwa sekunde, ukarudi kwa mita nane kwa sekunde. Nikaandika kumi na mbili toa nane, nne. Mara tungamo kwa kilo, 0.15, ni 0.6.

Kitabu kinasema 3.

Nilirudia mara tano. Nikaamua kitabu kimekosea. Nimeshakuta makosa kwenye ripoti za mawaziri, sembuse kitabu cha shule.

Binti yangu Neema kwa kawaida hunijibu kwa Kiingereza. Leo alichagua Kiswahili, nisipate pa kujificha.

"Mama, hapa umeandika habari ya gazeti. Eti kasi imeshuka kutoka kumi na mbili hadi nane. Mpira umegeuka, mama!"

Iliniuma kwa sababu ni kweli. Miaka ishirini na mbili gazetini, Mwanza, kabla ya kuhamia huku, niliandika hivyo hivyo: bei imeshuka kutoka, imepanda hadi. Hakuna mhariri aliyewahi kuniuliza namba inaelekea wapi.

Akanirushia mpira wa tenisi. Nikaudaka. Akarusha tena: "Sasa usiushike, upige urudi." Nikaupiga kwa kiganja. Kikawaka. Mpira ukagonga mlango, ukadunda sakafuni.

Simu ikalia. Mama Furaha, Mkongo wa ghorofa ya chini.

"Dada, munabomoa nyumba?"

"Tunasoma fizikia."

"Kusoma gani kwa mateke?"

Lakini kiganja kilikuwa kimeelewa. Kuusimamisha mpira ni kazi ya kwanza, kumi na mbili. Kuurudisha ni nyingine juu yake, nane. Ishirini, mara 0.15, ni 3.

Nilidhani yameisha. Swali la nane, gari linagonga kizuizi na kurudi nyuma. Nikatoa. La tisa, nikatoa tena.

Nimeelewa, na bado nakosa.

Hilo ndilo linalonikera. Mkono unaandika kabla macho hayajamaliza sentensi.

Kesho, kabla ya namba yoyote, nitachora mishale miwili: ya kwenda na ya kurudi. Lakini saa ikiwa inakimbia, na neno "ukarudi" limejibanza katikati ya swali, nitaliona?