Sauti Yangu Imefutwa

Chaani, Jumapili, 1997

Bado nina hasira. Salim amefuta sauti yangu kwenye kanda yetu ya kwanza.

Kampuni hii ya kurekodi muziki tuliianzisha wawili, mimi na yeye, katika chumba cha nyuma cha duka la shangazi. Beti niliandika mimi, nikarap mimi. Leo naisikiliza kanda kabla haijapelekwa kunakiliwa, nasikia mwanamume nisiyemjua anatamka maneno yangu. Hata pale niliposema "binti wa Chaani", yeye asema "kijana wa Chaani".

"Mwanaisha, usikasirike," Salim akaniambia. "Watu hawajazoea mwanamke akirap. Wewe utaandika tu."

"Uliniuliza?"

Akajifanya anakunja nyaya.

Nikaichomoa kanda, nikaitia mkobani, nikamwambia atoke. Mitambo ni yake, akaibeba yote. Nimebaki na maikrofoni moja na chumba kitupu, na wallahi naogopa, maana sijui nitarekodi na nini. Lakini maneno yale hayatatoka kwa mdomo wa mwingine.

Shangazi alikuja akasimama mlangoni, akakitazama chumba. Nikamweleza yote.

"Haya," akasema. "Kesho tukifagie, kisha tutafute mashine."