Fundo la Skafu

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Mwanao Chiriku nimemwacha kwa jirani, kamchukue. Asichungulie kioo cha chumbani kwangu, nimekigeuzia ukutani.

~~Hiyo klabu ya vijana mwandikishe tu, nimechoka kubishana.~~

Hapana. Asubuhi nilimkuta amejivisha ile skafu aliyoileta kiongozi wao. Mtoto wa miaka mitano, amefunga fundo la mtu wa mashoto, ncha zimefichwa ndani. Nikamuuliza, "Nani kakufundisha, mjukuu wangu?"

"Yule kaka wa kwenye kioo. Babu, mbona nguo zake hazikauki?"

Fundo lile alilifunga mtu mmoja tu, marehemu kaka yangu. Klabu hiyohiyo ilimpeleka kambi ya mtoni, ikaturudishia viatu. Wakamwambia mama yetu katoroka. Mtoto gani anatoroka peku? Tangu hapo nauliza kila mkutano, naitwa mkorofi.

Skafu nimeianika juani, hadi saa hizi inachuruzika. Kiongozi akija kuchukua jibu, mrudishie. Mwambie nyumba hii ilishawapa mtoto. Wamrudishe huyo kwanza.

Baba yako